Chupa Ishirini na Nne za Tope la Bahari

Kila asubuhi ya likizo, Kiberiti na baba yake walitoka nyumbani pamoja. Baba alibeba mkoba wa chakula cha mchana, na Kiberiti alibeba funguo za maabara, akizichezesha mkononi ili kila waliyepishana naye ajue kwamba anazo. Shuleni alikuwa na jina jingine, zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa mwalimu wakati wa kuita majina. Jina la Kiberiti alibandikwa na kaka yake alipokuwa na miaka minne, siku alipoimwaga chai yote mlangoni kwa sababu imepoa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa bado linamkaa sawasawa.

Baba yake alikuwa fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti wa bahari. Meli ya utafiti ilipotoka, yeye ndiye aliyeshusha kwa waya kile kisanduku kizito cha chuma ambacho hufika sakafuni mwa bahari, hujifunga kama mdomo na kurudi juu na tope. Tope hilo huoshwa juu ya chekecheke. Linalopita linarudi baharini, na linalobaki ndilo watafiti wanalolitaka: minyoo, konokono wadogo kama punje za mchele, na kaa ambao ungeweza kuwapanga watano juu ya ukucha mmoja.

Likizo hiyo chama cha sayansi cha shule kilialikwa kusaidia kazi. Walikuja wanafunzi wanane, na kiongozi wao alikuwa Kiberiti. Hakupewa uongozi kwa sababu ya baba yake. Alikuwa wa kwanza katika sayansi mihula mitatu mfululizo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba matangazo yote ya ubaoni aliandika yeye. Kiberiti alilijua hilo, na alihakikisha wengine nao wanalijua.

Jumatatu waliletewa mifuko ishirini na minne ya mabaki ya tope, mitatu kutoka kila kituo. Kituo, katika kazi hiyo, ni mahali baharini palipopewa namba kwenye ramani. Kituo cha Kwanza kilikuwa karibu na ufuo, penye mchanga na mwanga wa jua. Cha Nane kilikuwa mbali sana, ambako chini ni giza totoro na tope ni laini kama unga uliolowa. Kazi ya siku ilikuwa kuhamisha kila mfuko kwenye chupa yake, kuijaza spiriti ili viumbe wasioze, na kutumbukiza ndani kipande cha karatasi chenye namba ya kituo.

"Kwa nini karatasi iwe ndani?" aliuliza rafiki yake Kiberiti, msichana mwembamba ambaye darasa zima lilimwita Swali.

"Kwa sababu ya nje inafutika," alisema Baba. "Spiriti ikimwagika, mkono ukiwa na maji, basi, kwaheri. Karatasi ya ndani ndiyo cheti cha kuzaliwa cha chupa. Na tunaandika kwa penseli. Penseli, jamani. Nikisema penseli, sina maana ya kitu kingine kinachofanana na penseli."

Wanafunzi walicheka. Walikuwa wameshaanza kumwita Bwana Penseli pembeni, naye alikuwa ameshawasikia.

Kiberiti hakucheka. Usiku uliopita alikuwa amekata karatasi zake mwenyewe, akaandika ya mfano kwa wino wa bluu na kuchora kisamaki kwenye kona. Akaitoa mfukoni na kuiweka mezani mbele ya wote.

Baba aliitazama, akaigeuza, kisha akaichana vipande viwili. "Hii si kadi ya sikukuu," alisema.

Hapo maabara nzima ikaangua kicheko. Hata Swali alicheka. Kiberiti alihisi masikio yake yakiwaka moto hadi kwenye ncha. Baba hakuona. Alishageuka kwenda kwenye sinki, akaanza kumimina mfuko wa kwanza huku amewapa mgongo, akisoma namba kwa sauti.

"Kituo cha Kwanza, chupa ya kwanza!"

Kiberiti alishika penseli aliyopewa. Ncha yake ilikuwa imevunjika. Kichongeo kilikuwa upande wa pili wa meza, katikati ya wale waliomcheka zaidi. Alikitazama. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa kalamu yake ya bluu.

"Kiberiti," Swali alinong'ona, "hiyo si..."

"Kazi yako ni kutumbukiza karatasi. Tumbukiza."

Aliandika karatasi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila alipoandika alikuwa anajisemea moyoni kwamba baba yake anapenda tu kutoa amri, kwamba namba ni namba, na kwamba angemwonyesha. Ilipofika ya ishirini na nne, hasira ilikuwa imeshuka kidogo, lakini chupa zote zilikuwa zimefungwa. Wenzake walizibeba mikononi na kuzipanga rafuni, yeyote popote. Mifuko ilioshwa ikaanikwa. Baba akapitisha macho rafuni, akaona karatasi nyeupe ndani ya kila chupa, akawaambia, "Mmefanya kazi nzuri."

Jumanne Baba alikuwa bandarini akitengeneza kile kisanduku cha chuma, na chama hakikukutana. Jumatano Kiberiti alifungua maabara mwenyewe, wakati Baba akiwa nje anazungumza na mlinzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, kwa sababu tangu Jumatatu jioni kitu fulani kilikuwa kinamkuna ndani ya kifua.

Karatasi zilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, hazina hata alama. Spiriti ndani ya chupa ilikuwa na samawati kidogo sana, kama maji ya mwisho ya kusuuzia sare ya shule. Wino wote ulikuwa umeyeyuka.

Alisimama pale na chupa mkononi. Sauti ya Baba ilikuwa bado nje. Angeweza kwenda mlangoni na kusema maneno matatu tu. Lakini aliposikia Baba anacheka na mlinzi, alikumbuka kicheko cha Jumatatu, na hasira ikampanda tena. Angesema, halafu? Acheke tena? Awaambie wote tena?

Alichonga penseli. Akafungua chupa ya kwanza, akatoa karatasi tupu kwa kibano, akaandika nyingine. Chupa zenye makombe na mchanga mwingi alizipa vituo vya karibu. Zenye tope laini alizipa vituo vya mbali. Zile ambazo hazikuwa huku wala huku, alizigawia namba kama mtu anayegawa karata. Alikumbuka tatu au nne kwa hakika; nyingine zote alikisia. Ilimchukua robo saa. Baba alipoingia, alimkuta anafagia.

"Leo jua limetokea magharibi," Baba alisema. "Kiberiti kashika ufagio!"

Kiberiti aliendelea kufagia.

Mkuu wa utafiti ule alikuwa mwanamke mfupi ambaye alivaa viatu vya mpira hata kwenye mikutano. Wote walimwita Daktari. Ijumaa asubuhi aliketi kwenye hadubini na kuanza kufungua chupa moja moja, wanafunzi wakiwa meza ya pili wanachora konokono. Kwa saa nzima alitazama na kuandika. Kisha walisikia kiti chake kikisukumwa nyuma kwa nguvu.

"Fundi! Njoo hapa. Njoo utazame."

Baba alikwenda, akainama kwenye hadubini.

"Unaona nini?"

"Naona jani la bahari."

"Lina mizizi?"

"Lina mizizi. Na mchanga umeshikamana nayo."

"Chupa hii imeandikwa Kituo cha Saba. Kituo cha Saba kina kina cha mita mia mbili. Jua halifiki pale, Fundi! Jani limeota gizani? Limejimulikia tochi?" Alinyanyua chupa nyingine na kuigonga mezani. "Na hii imeandikwa Kituo cha Pili, mchangani, halafu imejaa minyoo ya tope la kina kirefu. Zimechanganywa! Nani alisoma namba?"

Wanafunzi waliacha kuchora.

"Mimi," alisema Baba. "Nilisoma kwenye mifuko, watoto wakaandika."

"Kwa hiyo ulisoma vibaya. Unajua ripoti hii ni ya nini? Kuna kampuni inataka kuchimba mchanga wa kujengea kutoka sakafu ya bahari, na sisi ndio tunaotakiwa kusema wachimbe wapi na wasiguse wapi. Ningepeleka hizi namba, wangechimbua mahali ambapo majongoo wa bahari wanazaliana, na wangeniambia, Daktari, mbona karatasi yako ilisema hapana kitu? Ningejibu nini? Miaka kumi na tisa ya kazi, Fundi, na unashindwa kusoma namba?"

"Nilizisoma, Daktari. Nilidhani nilizisoma sawa."

"Ulidhani! Meli inaondoka Ijumaa ijayo. Nitamchukua fundi mwingine. Wewe utabaki nchi kavu mpaka nijue kilichotokea."

Alitoka, na viatu vyake vya mpira vikalia kwa hasira hadi mwisho wa ukumbi. Baba alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

Kiberiti aliitupa penseli yake mezani. Alimchukia Daktari kwa moyo wake wote. Alichukia viatu vyake, sauti yake, na jinsi alivyosema "Fundi" kana kwamba anamwita mtoto. Mtu mzima anamfokea mtu mzima mwenzake mbele ya watoto! Alikwenda nje penye masinki ya kuoshea, akapiga teke ndoo tupu mpaka ikagonga ukuta.

Swali alimfuata. "Karatasi zilikuwa za kalamu," alisema taratibu. "Leo nimeziona. Ni za penseli. Ulizibadilisha lini?"

"Hujui unachosema."

"Najua. Mimi ndiye niliyezitumbukiza. Wino ulitoka, siyo? Halafu ukaandika upya. Ulijuaje namba?"

"Wewe kila kitu ni swali, swali, swali! Siku moja utajiuliza mwenyewe jina lako!" Kiberiti alimsogelea hadi pua zikakaribiana. "Ukimwambia mtu, sikujui tena. Usinipitie kwetu, usikae na mimi."

Macho ya Swali yalijaa machozi, lakini hakurudi nyuma. "Mimi sitasema," alijibu, na sauti yake nayo ilikuwa na hasira. "Baba siyo wangu. Baba ni wako."

Akaondoka na kumwacha na ile ndoo.

Jumamosi mchana Kiberiti alikuwa amejilaza mkekani, anajifanya anasoma. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa na sare saba za kumaliza. Baba alikuwa ameketi karibu na dirisha. Mkononi alishika kiboksi cha dawa ya kikohozi, akisoma maandishi madogo ya ubavuni. Alifunika jicho la kulia, akasoma. Akafunika la kushoto, akasoma tena. Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu.

"Unatafuta nini humo?" Mama aliuliza.

"Napima macho."

"Macho yako yana nini?"

"Yamezeeka, naona. Nimefikiria sana tangu jana. Nilisoma namba ile mifuko yote, na nakumbuka niliziona vizuri kabisa. Sasa kama mtu anaona kitu vizuri na kumbe siyo, huo ndio ugonjwa wenyewe. Jumatatu nitamwambia Daktari anihamishie stoo. Kule hakuna cha kuharibu."

"Stoo? Wewe?"

"Nikienda melini nikasoma vibaya kina cha maji, nitamvunja mtu mkono kwa kile chuma. Bora stoo."

Mama aliigeukia kazi yake. Uzi wa cherehani ulikuwa umekatika. Alijaribu kuupitisha kwenye tundu la sindano mara moja, mara mbili, akasonya. Bila kuambiwa, Baba alinyoosha mkono, akaulowesha uzi kwa ulimi, akaupitisha mara moja tu. Kisha akarudi kwenye kiboksi chake na kufunika jicho la kulia.

Kiberiti aliliona tukio lile lote. Alipofungua mdomo alikuwa anapiga kelele.

"Macho yako ni mazima! Acha! Acha kujifunika macho!"

Wazazi wake walimgeukia.

"Umepitisha uzi mara moja! Hata Mama hajaweza! Huoni kwamba unaona? Kwa nini unamwamini yule Daktari? Kwa nini hukumjibu? Amekufokea na umesimama tu!"

"Shusha sauti," alisema Mama.

"Sishushi! Hukusoma vibaya! Ulisoma sawa zote! Mimi niliandika kwa kalamu, wino ukayeyuka, nikaandika upya kwa kukisia! Ni mimi! Na yote kwa sababu uliichana karatasi yangu wakanicheka!"

Cherehani ilikuwa imesimama.

Baba alikiweka kiboksi dirishani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kiberiti alitarajia kupigwa, au kufokewa. Alitamani afokewe. Lakini Baba alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini kabisa, na ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Tangu jana," alisema. "Tangu jana umekaa hapo unanitazama nikiyatilia shaka macho yangu."

"Baba, mimi..."

"Ngoja. Ulikasirika nilipochana karatasi yako. Sawa. Pengine ningekuita pembeni. Hilo ni langu, nimelisikia. Ukaandika kwa kalamu. Hilo ni kosa, na makosa yapo, hata mimi nimewahi kudondosha ndoo nzima ya tope baharini. Lakini Jumatano uliona karatasi tupu. Karatasi tupu haikuwa mbaya, unanielewa? Karatasi tupu ilikuwa inasema ukweli. Ilikuwa inasema, hatujui. Wewe ukachukua ukweli ule ukautoa kwa kibano, ukaweka uongo."

Kiberiti alianza kulia, na hata kilio chake kilikuwa cha hasira, ngumi zimekunjwa. Safari hii, hata hivyo, hakupata mtu wa kumkasirikia. Alimtafuta Daktari moyoni, akamtafuta Swali, akamtafuta Baba mwenyewe, wote wakampita.

"Jumatatu tutakwenda pamoja," alisema Baba. "Utamwambia Daktari kwa mdomo wako. Mimi sitasema hata neno."

Na kweli hakusema. Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni mwa ofisi, mikono nyuma, na Kiberiti akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Aliyasema yote. Alisema kuhusu kisamaki, kichongeo, kalamu, na robo saa ya Jumatano. Aliposema "nikagawa kama karata," Daktari alifumba macho.

"Toka nje kidogo," alisema Daktari. "Siyo wewe, Fundi. Yeye. Nataka nipige kelele na sitaki nimpigie mtoto."

Kiberiti alitoka. Kelele alizisikia ukumbini, ingawa hazikuwa kelele za maneno. Zilikuwa kama za mtu aliyejigonga kidole cha mguu. Kisha mlango ukafunguliwa.

"Ingia. Umeniharibia wiki nzima ya kazi na umenifanya nimdhalilishe mtu ambaye hakukosa. La pili ni baya zaidi. La kwanza tutaanza kulitengeneza sasa hivi. Unakumbuka chupa ngapi kwa hakika?"

"Nne."

"Kwa hakika? Au unataka kunifurahisha?"

Kiberiti alifikiri. "Tatu," alisema.

"Tatu. Vizuri. Fundi, kuna kitu kingine chochote?"

Baba alikuwa ameshaanza kuondoka. Alirudi na daftari lenye jalada la plastiki, lililokunjika kwa chumvi. Lilikuwa daftari la melini. Kila kisanduku kilipopanda juu, Baba alikuwa ameandika humo alichokiona kabla ya tope kuoshwa: rangi yake, ulaini wake, na viumbe wakubwa waliojitokeza. "Kituo cha Tatu, mfuko wa pili: mchanga wa kijivu, majongoo wadogo sita, kombe moja lililovunjika." Mistari ishirini na minne.

Kwa siku tatu walizilinganisha chupa na daftari. Wanafunzi wote wanane walifanya kazi hiyo, na kabla ya kuanza Kiberiti alisimama mbele yao akawaeleza kwa nini wanarudia. Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja alisema kwa uchungu, "Kwa hiyo michoro yangu yote ya wiki iliyopita ni bure?" na Kiberiti akajibu, "Ndiyo. Ni kwa sababu yangu." Swali alikuwa amekaa mwisho wa meza. Hakumtazama. Siku ya pili Kiberiti alimpelekea chupa na kusema, "Nihesabie majongoo hawa, sijiamini." Swali aliwahesabu mara mbili. "Sita," alisema. "Na bado sijakusamehe." "Najua," alisema Kiberiti. Lakini kuanzia hapo walihesabu pamoja.

Hadi Alhamisi mchana chupa kumi na saba zilikuwa zimepata vituo vyake bila shaka yoyote. Saba zilikataa. Zilikuwa na tope lililofanana na minyoo iliyofanana, na daftari halikusaidia. Kiberiti aliziinua moja moja kwenye mwanga, akazigeuza, akaziteremsha.

"Hii nadhani ni ya Kituo cha Sita," alisema.

"Unadhani?" Baba aliuliza.

Kiberiti aliiweka chini. "Sijui ni ya wapi."

"Basi andika hivyo."

Akaandika kwenye karatasi saba: mahali hapajulikani.

Alasiri hiyo Daktari aliwakusanya wote maabarani, mafundi, watafiti na wanafunzi. Alisimama penye kile kiti alichokisukuma Ijumaa.

"Wiki iliyopita nilimfokea Fundi hapa, mbele yenu," alisema. "Nilikuwa nimekasirika, nikatafuta wa kumtupia lawama kabla sijauliza. Nilikosea mbele yenu, kwa hiyo naomba radhi mbele yenu. Fundi, niwie radhi. Kesho meli haiondoki bila wewe. Tutapita tena kwenye vituo vile ambavyo chupa zake zimepotea."

"Nimekusikia, Daktari," alisema Baba. Hakutabasamu. "Nitakwenda. Ila bado nimeudhika, na nitaendelea kuudhika mpaka nifike Kituo cha Nne hivi."

Watu walicheka, na Daktari akacheka nao.

Chama cha sayansi kilikuwa kimeahidiwa kuingia melini kabla haijaondoka, na Ijumaa wanafunzi saba walipanda ngazi. Kiberiti alibaki chini gatini na Mama. Hiyo ilikuwa adhabu yake, na aliyeitoa ni Baba. Alimwona Swali juu akiuliza maswali, mkono wa baharia ukionyesha huku na kule. Ilimuuma vibaya sana. Alikunja ngumi, akazikunjua, akaendelea kusimama.

Meli ilirudi baada ya siku tisa na tope jipya. Wiki ya mwisho ya likizo Daktari alimwita Kiberiti ofisini amsaidie kupanga kurasa za ripoti. Kiberiti alizipanga mpaka akafika ukurasa wa nne, akasimama. Palikuwa na aya nzima iliyoeleza kwamba chupa saba za safari ya kwanza zilipoteza utambulisho kwa kosa la maabara, kwamba hazikutumika, na kwamba vituo vyake vilirudiwa.

Alihisi masikio yakiwaka tena. "Daktari, wale wa kampuni ya mchanga watasoma hapa?"

"Watasoma. Watakuwa wa kwanza."

"Watatucheka. Watasema hatujui kazi. Kwa nini usiiondoe? Tope jipya limeshapatikana, hakuna atakayejua."

Daktari aliweka kalamu chini. Alionekana amekasirika, lakini hasira ile haikuwa ya kufoka.

"Wacheke," alisema. "Hata wewe ulichekwa siku moja, na tazama ulifanya nini ili usichekwe ya pili. Sikiliza, mwanangu. Mimi nawaambia watu jambo ambalo hawawezi kwenda kulitazama wenyewe. Hakuna atakayezama mita mia mbili kuhakikisha kama nimesema kweli. Wana neno langu tu. Sasa nikizificha hizi saba, nani ataziamini zile kumi na saba?"

Kiberiti aliisoma tena aya ile. Aliuweka ukurasa wa nne mahali pake, baada ya wa tatu, akaendelea na wa tano.